VIUMBE WA NCHI YETU: Ndege wa Kishungi Asiyetulia

Msomaji mmoja akaaye Lari, karibu na msitu wa Gatamaiyu, ametuandikia barua ndefu juu ya ndege mdogo sana. Asema ya kuwa chama chao cha watu watumiao msitu kimeanza kuandika orodha ya ndege, ili wageni waje wakijua kilichopo, na wenyeji nao wapate kujua mali waliyo nayo. Kazi ilikwenda vizuri mpaka walipofika kwa ndege mmoja wa rangi ya kijivu, na hapo wakashindana.

Mmoja wao, ambaye ni karani, alisema kuwa ndege huyo ni yule yule ajaye bustanini kwake kila siku. Mzee mmoja mkulima alikataa kabisa, akasema, "Yule wa bustanini hukaa akangoja. Huyu wa msituni hatulii hata kidogo." Kijana wa tatu alitaka liandikwe jina la ndege adimu alilolikuta kitabuni, maana, alisema, ndege adimu ndiye aletaye wageni, na wageni ndio waletao fedha. Wameshindwa kuafikiana, wakaiacha nafasi ile tupu daftarini, na sasa watuuliza sisi.

Kuuliza si ujinga, na sisi twawapongeza kwa kuiacha nafasi ile tupu. Jibu fupi ni hili: mzee ndiye aliyetazama sawasawa. Lakini jibu fupi halitawafaa siku watakapokutana na ndege mwingine, na kwa hiyo twaona ni vema kueleza jambo lenyewe tangu mwanzo.

Wadaka-nzi ni akina nani?

Katika nchi yetu wako ndege wengi wadogo wenye desturi ya kuwakamata wadudu warukao hewani. Hapa tutawaita wadaka-nzi. Wengi wao wana mdomo mpana kidogo penye shina, na pembeni mwa mdomo vinyweleo vigumu kama ndevu za paka. Wakulima wana sababu ya kuwapenda, kwani chakula chao ni mbu, nzi, nondo na wadudu wengine kama hao, wala hawagusi mahindi wala mtama.

Ndege anayeulizwa na ndugu zetu wa Lari ni mdaka-nzi wa kishungi mwenye mkia wa ncha nyeupe. Wataalamu humwita Elminia albonotata. Makao yake ni misitu ya milimani yenye unyevu mwingi: katika Kenya aonekana Mlima Elgon, Cherangani, Mau, Nyandarua na Mlima Kenya, kwa kawaida juu ya futi 6,000. Nje ya Kenya yuko katika milima ya Tanzania kama Usambara na Uluguru, na katika milima ya Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo upande wa magharibi. Kusini afika Malawi na mipaka ya Zimbabwe na Msumbiji. Katika nchi hizo zote hakai nyikani wala uwandani. Ni kama mtu akaaye visiwani, na visiwa vyake ni vilele vya milima yenye mvua na ukungu.

Tazama mwendo kabla ya rangi

Mtu anayeanza kujifunza ndege huuliza kwanza, "Ana rangi gani?" Swali hilo ni zuri uwandani penye jua, lakini ndani ya msitu mzito laweza kumpoteza mtu. Chini ya miti mikubwa mwanga ni haba, na ndege akiwa juu ya kichwa chako, mbingu nyeupe ikiwa nyuma yake, kila ndege huonekana wa kijivu au mweusi. Hata darubini nzuri haitakuokoa hapo.

Kwa hiyo mtazame kwanza mwendo wake. Huyu wetu hatulii, kama alivyosema mzee. Hupita katika matawi ya chini na ya katikati, akirukaruka huku na huku, mabawa ameyalegeza, mkia ameufungua kama upepeo, mwili ukipinda kuume na kushoto. Mara nyingine hujishikiza ubavuni mwa shina la mti, kisha hujitupa hewani ghafula kumfuata mdudu. Wataalamu husema kuwa mkia ule hufunguliwa kwa kazi maalumu: mdudu aliyejificha chini ya jani akiona kitu cheupe kinametameta karibu naye, hushtuka na kuruka, na hapo ndipo aliwapo. Mwindaji huyu hangoji mnyama apite. Yeye mwenyewe humfukuza atoke kichakani.

Tena mara nyingi hatembei peke yake. Hufuatana na ndege wa aina nyingine katika msafara mmoja upitao msituni polepole, hawa wakipekua vilele vya miti, wale wakipekua vigogo, naye akishika sehemu yake ya chini. Mtu akisimama kimya kando ya kijito asubuhi, aweza kukaa nusu saa asione ndege hata mmoja, kisha msafara ukafika na kumzunguka pande zote. Huo ndio wakati wa kutazama. Sauti yake ni nyembamba na kali, ya vipande vifupi vifupi, nayo hupotea upesi kelele za wengine zikizidi.

Alama zake

Ukisha kuona mwendo, sasa tafuta alama. Urefu wake, tangu ncha ya mdomo hata ncha ya mkia, ni kama inchi 5, yaani sentimita 13. Kichwa ni cheusi-cheusi, nacho kina kishungi kifupi kilichochongoka nyuma, ambacho husimama zaidi ndege akiwa na wasiwasi. Mgongo ni wa kijivu. Koo ni jeusi-jeusi, kifua ni cha kijivu, na rangi hiyo hufifia mpaka tumbo likawa jeupe. Mdomo na miguu ni myeusi. Jike na dume hufanana sana. Kinda hufanana na wazazi wake, ila rangi yake imefifia na kishungi chake ni kifupi zaidi.

Alama iliyo kubwa kuliko zote iko mkiani. Mkia ni wa rangi nzito, lakini manyoya ya pembeni yana ncha nyeupe pana. Mkia ukifungwa, weupe ule hauonekani vema kwa juu; ukifunguliwa, huonekana mara moja, kama mtu aliyekunjua leso nyeupe gizani. Basi mtu asiandike jina kabla hajauona mkia umefunguliwa. Kwa kuwa ndege mwenyewe hupenda kuufungua, hutangoja sana.

Wafananao naye

Sasa tuwaangalie wale wawezao kumdanganya mtu, hasa pande za Lari na nyanda za juu kwa jumla.

Wa kwanza ni mdaka-nzi mdogo wa rangi ya vumbi, ambaye twadhani ndiye wa bustanini kwa karani wetu. Huyu ni mnene kidogo, hana kishungi, wala hana weupe mkiani. Hukaa wima juu ya kijiti kilicho wazi, akangoja. Mdudu akipita, hutoka, humdaka, kisha hurudi kwenye kijiti kile kile au kilicho jirani. Apenda kando ya msitu, mashambani na penye nyumba za watu. Karani hakukosa kumjua ndege wake. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba ndege wa bustanini na wa msituni lazima wawe mmoja.

Wa pili ni mdaka-nzi wa kijivu mwenye duara nyeupe pana kuzunguka jicho, kama mtu aliyevaa miwani. Huyu ni mkubwa zaidi, naye huonekana sana wakati wa jioni giza likiingia, akishuka toka kijitini kuokota mdudu ardhini. Miwani ile yatosha kumjulisha, ingawa kinda lake lina madoadoa.

Wa tatu ni ndege mdogo mno mwenye mkia mwembamba, ambaye wataalamu humwita apalisi wa kijivu. Yeye pia ana weupe katika mkia, na hapo ndipo watu hukosea. Lakini hana kishungi, na chini yake ni mweupe tangu kooni. Tena kwa kawaida hukaa juu, katika vilele vya miti, akichungulia majani moja moja, wala hana desturi ya kuupepea mkia.

Wa nne ni mdaka-nzi mwenye mkia mrefu wa rangi ya hudhurungi, ambaye watu wengi wamjua kwa uzuri wake. Dume akiwa na mkia wake mrefu hawezi kumdanganya mtu. Lakini jike hana mkia mrefu, naye ana kichwa cheusi chenye kishungi, kifua cha kijivu na tumbo jeupe-jeupe. Akitazamwa toka chini, mgongo wake usionekane, aweza kumpoteza hata mtu aliyezoea. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nimepotezwa naye.

Kosa la mwandishi

Miaka kadha iliyopita nalikuwa nikiandika ndege wa bonde moja lenye mto, chini ya mashamba ya kahawa. Asubuhi moja niliona juu yangu ndege wa kichwa cheusi, kishungi, kifua cha kijivu. Moyo ulifurahi, kwani sikutazamia kumwona mdaka-nzi wa milimani mahali pa chini namna ile. Sikungoja kuuona mkia. Nilimwandika daftarini kwa wino, pamoja na tarehe, na orodha yangu ikasomwa na wengine.

Baadaye alikuja mwanafunzi mmoja toka mbali, aliyeisoma orodha ile akaiamini. Alipanda basi, akalala ugenini, akatembea katika bonde lile siku mbili kumtafuta ndege wangu. Siku ya pili tulikwenda pamoja. Tulimkuta ndege pale pale nilipomwandika, naye alishuka kwenye tawi la chini na kutuonyesha mgongo. Ulikuwa wa hudhurungi, na mkia vile vile. Mwanafunzi hakunilaumu kwa neno lo lote. Alifunga daftari lake tu, akashukuru, akaenda kutafuta basi. Kunyamaza kwake kuliniuma kuliko lawama.

Tangu siku ile nimejiwekea sheria mbili. Ya kwanza, sitaandika jina mpaka niwe nimeona alama ile itenganishayo ndege huyu na wenziwe. Ya pili, nisipoiona, nitaandika yale niliyoyaona tu, kisha mbele ya jina nitaandika "sina hakika." Maneno hayo mawili si aibu. Mtu asomaye daftari lenye "sina hakika" hapa na pale hujua kwamba pale yasipoandikwa, mwandishi alikuwa na hakika.

Wasomaji wetu wa magharibi

Wasomaji wa Kakamega na Nandi yawapasa waangalie zaidi, maana kwao wako ndugu wawili wa ndege huyu. Mmoja ni wa buluu ya mbingu, mwenye mkia mrefu usio na ncha nyeupe; huyu ni rahisi kumjua. Wa pili ni wa kijivu kizito, naye ana kishungi kama huyu wetu, lakini tumbo lake halina weupe, wala mkia wake hauna weupe wo wote. Huyo huonekana katika misitu ya chini zaidi kama Kakamega. Basi huko swali ni moja tu: mkia ulipofunguliwa, je, uliona nyeupe?

Hata jina lake la kitaalamu lasema jambo hilo hilo, kwani albonotata maana yake ni "aliyetiwa alama nyeupe." Alipewa jina hilo mwaka 1891 na Richard Bowdler Sharpe, mtaalamu wa jumba la makumbusho la London, kutokana na ndege waliopatikana Mlima Elgon katika safari ya Frederick Jackson. Jackson huyo baadaye alikuwa Gavana wa Uganda, na kitabu chake kikubwa cha ndege wa Kenya na Uganda kilichapwa mwaka 1938, yeye akiwa amekwisha kufa.

Kwa miaka mingi wataalamu walimweka katika jamaa moja na yule wa mkia mrefu wa hudhurungi, kwa sababu ya kishungi na desturi zao. Lakini katika miaka ya 2000 walichunguza chembe za urithi, wakaona kuwa si ndugu wa karibu hata kidogo. Amewekwa katika jamaa ndogo ya peke yake na wenziwe wachache. Basi ndugu zetu wa Lari wasione haya kwa kubishana. Wenye elimu kubwa nao walidanganywa na kishungi kwa zaidi ya miaka 100.

Neno kwa kijana wa tatu

Sasa twamgeukia yule kijana aliyetaka jina la ndege adimu liandikwe. Haja yake si mbaya. Ni kweli kwamba wageni huleta fedha, na watu wakaao kando ya msitu wana haki ya kufaidika nao. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ndiyo iliyowafungulia mlango wananchi kuunda vyama na kushiriki katika utunzaji wa misitu. Lakini mgeni aliyedanganywa mara moja harudi, naye huwaambia wengine. Tena hapana haja ya kudanganya. Katika misitu ile ya ukingo wa Kikuyu yuko kwezi wa Abbott, ndege aliye hatarini kweli, ambaye hapatikani po pote duniani ila katika misitu michache ya milima ya Kenya na Tanzania. Aliye na dhahabu nyumbani ana haja gani ya kupaka shaba rangi?

Mdaka-nzi wetu wa kishungi hayumo katika hesabu ya ndege walio hatarini. Hata hivyo kumwandika kwa usahihi ni jambo la maana sana, na sababu yake ni hii. Yeye huwinda katika miche, vichaka na matawi ya chini yenye uvuli na unyevu. Hujenga kiota chake kidogo kama kikombe katika panda ya mti mwembamba, kwa kuvumwani iliyofungwa kwa utando wa buibui. Mtu akipeleka ng'ombe wengi msituni wakala miche, au akikata miti myembamba kwa fito na makaa, miti mikubwa yaweza kubaki imesimama, na mpita njia akasema, "Msitu bado upo." Lakini chini yake pamekuwa patupu, jua limeingia, ardhi imekauka, na yule aliyewinda katika matawi ya chini hana tena mahali.

Msitu huanza kufa kwa chini kabla haujafa kwa juu. Mtu aliye mbali hawezi kuliona jambo hilo. Mtu mwenye daftari karibu na msitu aweza. Kama mwaka huu mmeandika kwamba kwenye kijito fulani mdaka-nzi wa kishungi alionekana mara nane katika matembezi kumi, na baada ya miaka mitano mkaandika mara moja tu, mtakuwa na neno la kusema mbele ya mkutano, wala hakuna atakayewaambia kuwa mwaota. Lakini kama mwaka huu mlimchanganya na yule wa bustanini, ambaye hata msitu ukiisha atakuwapo, basi daftari lenu litasema kuwa mambo ni mema hata siku msitu utakapokuwa mashina.

Jambo hili si dogo kwa nchi. Maji ya misitu ya Nyandarua ndiyo yajazayo mabwawa ya Sasumua na Ndakaini, ambayo Nairobi hunywa. Na msitu waweza kupunguzwa hata kwa karatasi: mwaka 2001 zaidi ya hekta 60,000 za msitu wa Mau ziliondolewa katika hifadhi. Siku kama zile zikija, watu huuliza, "Msitu huu una nini hata uhifadhiwe?" Jibu lililoandikwa kwa tarehe, kwa uaminifu, na wenyeji wenyewe, lina nguvu kuliko kilio.

Shauri letu

Basi ndugu zetu wa Lari wafanye hivi. Waende watatu pamoja, karani, mzee na kijana, saa moja au saa mbili asubuhi, hata kwenye kijito, wasimame kimya. Msafara wa ndege ukipita, mzee atazame mwendo, kijana mwenye macho makali atazame mkia, na karani aandike: tarehe, saa, mahali, ndege alikuwa juu kiasi gani, alikuwa akifanya nini, na ni nani waliomwona. Wakiona kishungi, tumbo jeupe, na mkia uliofunguliwa wenye ncha nyeupe, waijaze ile nafasi tupu kwa wino. Wasipoona, waiache tupu mpaka siku nyingine. Na yule wa bustanini naye waandikwe mstari wake mwenyewe, kwani orodha yao sasa itakuwa na ndege wawili mahali walipodhani yuko mmoja.

Wasomaji wengine walio karibu na misitu ya milimani wakimwona ndege huyu, twaomba watuandikie, wakitaja mahali na tarehe. Na asiye na hakika asiogope kusema hivyo. Barua yake itapokewa kwa heshima ile ile.